Shajara ya sanduku la giza

Jumamosi, 7 Juni 2025. Kiwira, Rungwe

Nimefika nyumbani jana saa moja na nusu jioni. Umeme ulikuwa umekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilipobisha hodi Mama alikuwa ndani, amekaa karibu na taa ya chemli anachambua maharage. Akanyanyuka haraka kama kawaida yake, akafika mlangoni, akasimama. Nikasema shikamoo Mama, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za njiani, na muda wote huo mguu wake haukuvuka kizingiti. Mpwa wangu, binti wa dada anayesoma darasa la sita, akatoka jikoni akamshika mkono, wakashuka pamoja. "Bibi usiku huwa anangoja mkono," akaniambia, kama jambo wanalolijua wote isipokuwa mimi.

Baada ya chakula nikamuuliza mwenyewe. "Macho yamekuwa mazito, baba. Nayaamsha, hayaamki."

Dada anasema ni woga wa uzee. Jirani mmoja amekwisha kusema mengine ambayo sitayaandika hapa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimechora ubaoni grafu ya jicho linavyozoea giza, ule mstari unaoshuka mara mbili, na sijawahi kuupima hata siku moja. Sasa nina likizo ya mwezi mzima, na nataka kujua jambo moja: jicho la Mama linapata nuru pungufu, au linachelewa kuzoea giza? Ni shida mbili tofauti na kila moja ina alama yake kwenye grafu. Ya kwanza inaunyanyua mstari wote juu. Ya pili inausukuma kulia, upande wa muda.

Kiasi nitakachopima kinaitwa kizingiti: nuru ndogo kabisa ambayo mtu bado anaiona. Usiku wa jana neno hilo nimeliona kwa sura nyingine.

Jumatatu, 9 Juni

Siku nzima ya keekee na gundi.

Nimepata kasha la plaiwudi lililowahi kubeba majani ya chai. Nimeligawa vyumba viwili kwa kipande cha bati. Chumba cha nyuma kina taa ndogo ya LED na betri. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa nyeupe ndani, na usoni pake kuna dirisha la mviringo lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, limefunikwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta ili nuru isambae sawasawa. Kwenye bati la kati kuna mwanya wa kupitisha ukanda wenye matundu manne: milimita 8, 4, 2 na 1. Upana wa tundu ukipungua nusu, eneo lake linabaki robo, na nuru inayopita inabaki robo. Kila robo nimeiita ngazi moja.

Ngazi nne hazitoshi. Hapo kilichonisaidia ni mpiga picha mmoja mzee wa Mwanjelwa ambaye studio yake ilifungwa zamani. Alinipa mikia ya filamu nyeusi na nyeupe, ile sehemu ya mwanzo iliyopigwa na jua kabla filamu haijaingia kwenye kamera, ikasafishwa ikawa nyeusi tii. Nilipima vipande kadhaa kwa jua kali na kipima-nuru cha simu, nikachagua vinavyopitisha kama sehemu 1 kwa 250. Ni karibu sana na ngazi nne kamili, ambazo ni 256. Kipande kimoja mbele ya tundu kinanipeleka ngazi ya 4 hadi ya 7, viwili vinanifikisha ya 11. Kutoka ngazi ya 0 mpaka ya 11 nuru imepungua kama mara milioni 4, na yote haya kwa bati na filamu za kutupwa. Kadiri namba ya ngazi inavyokuwa kubwa ndivyo nuru ilivyo hafifu, na ndivyo jicho linaloiona lilivyo kali.

Utaratibu: jicho moja linafungwa kwa kitambaa cheusi. Lile jingine linatazama karatasi nyeupe iliyoangazwa na taa kali kwa dakika 2. Taa inazimwa. Kila dakika naanza na ngazi hafifu, napanda taratibu kuelekea nuru kubwa mpaka mtu aseme "lipo". Mpwa anaandika.

Ili aweze kuandika gizani nimemtengenezea tochi nyekundu kwa kioo cha taa ya nyuma ya pikipiki.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la kwanza, mimi nikiwa mpimwaji, ndani ya stoo ya mahindi. Tulidhani stoo ina giza. Baada ya dakika kumi nikaona mwezi mpevu umeingia kwa kila tundu la msumari kwenye bati la zamani; nilihesabu nyota 14 juu yangu. Tukatoka, tukaziba kwa nta na matambara, tukaanza upya saa tatu na nusu usiku.

Matokeo: dakika ya 1 ngazi ya 2, dakika ya 5 ngazi ya 4, kisha ngazi ya 4 mpaka dakika ya 30. Mstari umeshuka mara moja ukalala. Lile goti lililo katika kila kitabu, pale mstari unapovunjika na kushuka mara ya pili, halikutokea.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka nalo jibu. LED niliyoweka ni nyekundu, niliichomoa kwenye redio mbovu.

Kwenye retina, lile tabaka la ndani nyuma ya jicho, kuna seli za aina mbili zinazopokea nuru. Koni ni za mchana na za rangi. Vijiti ni vya usiku, havijui rangi. Hesabu ya uangalifu iliyochapishwa na Christine Curcio na wenzake mwaka 1990 iliwapa wastani wa koni milioni 4.6 na vijiti milioni 92 kwa jicho moja, yaani kwa kila koni vijiti 20. Lakini vijiti vinapenda nuru ya kijani inayoelekea bluu, yenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 500, na nuru nyekundu karibu haviioni. Jana usiku vijiti vyangu huenda vilikuwa vimeamka vyote kwenye stoo ile. Mimi nilikuwa nabisha mlango wa jirani yao.

Jioni nilimwonyesha mpwa waridi la Mama kando ya kisima. Saa kumi na mbili na nusu ua ni jekundu kuliko kitu chochote uani. Saa moja na robo limekuwa jeusi, na majani yake bado yanang'aa kijivu. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, aliliandika jambo hili mwaka 1825. Mpwa ameligundua kwa kukaa dakika 45 juu ya ndoo iliyogeuzwa, na amesisitiza tuliandike.

Kwa sababu hiyohiyo tochi yake nyekundu haituharibii kipimo. Madaktari wa eksirei wa zamani waliitumia siri hii: mwaka 1916 Wilhelm Trendelenburg wa Ujerumani alileta miwani myekundu ambayo daktari aliivaa mchana akiendelea na shughuli zake, huku vijiti vyake vikijiandaa kwa chumba cha giza.

Ijumaa, 13 Juni

LED ya kijani, kutoka kwa fundi simu wa Tukuyu mjini. Tumepima saa mbili usiku. Mstari umeshuka, umelala. Hakuna goti.

Sitaficha kwamba nimekata tamaa kidogo. Nimekagua betri, nimekagua matundu, vyote viko sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Mama ndiye aliyefungua fundo, bila kujua. Alikuwa anamenya ndizi, anamsimulia mpwa habari za marehemu babu yangu alivyolinda mahindi usiku. Babu alikuwa akiwaambia: ukitaka kumwona nguruwe pori gizani, usimtazame, tazama kando yake.

Nikaacha chai.

Katikati kabisa ya retina, mahali tunapoelekeza jicho tunaposoma au kumtazama mtu usoni, hakuna vijiti. Ni koni tupu, zimebanana. Vijiti vinaanza kuonekana ukitoka hapo kidogo, na vinasongamana zaidi kama nyuzi 18 hadi 20 pembeni. Usiku wote wa jana nilikuwa nimekodolea macho dirisha la sanduku, kwa hiyo nuru ilikuwa inatua mahali pasipo na vijiti, au penye vichache mno. Nimetoboa tundu la sindano, nyuma yake nikaweka ile LED nyekundu nikiwa nimeifubaza sana, sentimita 16 kulia kwa dirisha. Kwa umbali wa sentimita 60 hiyo ni nyuzi 15. Mpimwaji atatazama nukta nyekundu, na dirisha la kijani litamjia pembeni.

Jumanne, 17 Juni

Goti lipo!

Nimelipata Jumamosi usiku, nikarudia jana na leo ili nisijidanganye. Usiku wote tatu umekubaliana, tofauti haikuzidi ngazi moja. Jicho langu la kulia, umri miaka 41: dakika ya 1 ngazi ya 2, dakika ya 5 ngazi ya 4, linabaki hapo mpaka dakika ya 9, halafu linavunjika. Dakika ya 15 ngazi ya 6, dakika ya 20 ngazi ya 8, dakika ya 30 ngazi ya 9, na hapo linatulia. Ngazi saba. Jicho lile lile, kwenye kiti kile kile, baada ya nusu saa linaona nuru iliyo hafifu kwa kama mara 16,000.

Naandika kwa kirefu sasa, maana ndipo uhondo ulipo.

Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi kwa nini tunaanza kuona gizani baada ya muda, wananijibu kwa pamoja: mboni inapanuka. Ni kweli inapanuka. Kwa kijana inatoka milimita 2 hadi kama 8. Hiyo ni mara nne kwa upana, mara 16 kwa eneo, yaani ngazi mbili tu za sanduku langu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaisha mapema. Ngazi zilizobaki zinatengenezwa ndani ya retina yenyewe, na zinatengenezwa kwa kemia, ndiyo maana haziharakishwi.

Ndani ya kijiti kimoja kuna molekuli kama milioni 100 za rodopsini. Kila moja ni protini, opsini, iliyokumbatia kipande kidogo kiitwacho retinali, kinachotokana na vitamini A. Gizani retinali imepinda. Fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, ikiigonga, inanyooka. Kunyooka huko ndiko tendo pekee ambalo nuru inalifanya katika kuona. Yote yanayofuata ni msururu wa protini kuamshana. Na msururu huo unaishia mahali ambapo mara ya kwanza niliposoma nilifunga kitabu nikatembea. Kijiti kilichokaa gizani ndicho chenye kelele: milango yake iko wazi, chembe za sodiamu zinaingia mfululizo, na mwisho wake wa pili unamwaga ujumbe bila kukoma. Nuru ikija, milango inafungwa na kijiti kinapunguza sauti. Ubongo unatambua nuru kwa kusikia kimya.

Rodopsini iliyokwisha kupigwa haifai tena. Retinali iliyonyooka inaachana na opsini, inavuka mpaka kwenye tabaka la seli nyeusi nyuma ya retina, huko inapindwa upya na kimeng'enya, kisha inarudi kwenye kijiti kukutana na opsini iliyo tupu. Kwa vijiti, nusu ya rodopsini yote iliyopauka inahitaji kama dakika 5 kurudi. Kwa koni ni chini ya dakika 2. Basi dakika tisa za kwanza za grafu yangu ni za koni: zinalipa deni lao upesi, zinafika kikomo chao, zinalala. Vijiti wakati huo bado viko nyuma. Goti ni dakika ile vijiti vinapozipita koni.

Kuna jambo lilinisumbua. Ikiwa nusu ya rodopsini imerudi, kwa nini kijiti kisione nusu ya uwezo wake? Kinaona pungufu ya hapo mara nyingi mno. Sababu ni kwamba opsini iliyoachwa tupu haikai kimya. Inaendelea kuusukuma ule msururu kidogo kidogo, kana kwamba nuru bado inapiga. Kijiti kiko gizani lakini kwa ndani bado kina mchana hafifu, na unafifia kadiri opsini tupu zinavyopata retinali mpya. Nimemweleza Mama hivyo. Akasema, "Kama jiko. Umeutoa moto, mafiga bado yanaunguza."

Franz Boll ndiye aliyeona wekundu wa retina ya chura ukipauka kwenye nuru, mwaka 1876. Wilhelm Kühne wa Heidelberg akaifuata rangi hiyo kwa bidii kubwa baada yake. Mwaka 1933 George Wald, kijana wa Kimarekani aliyekuwa Ulaya kwa masomo, akaikuta vitamini A ndani ya retina. Mwaka 1967 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Na mwaka 1942 Selig Hecht na wenzake wawili, New York, waliwaketisha watu gizani mpaka vijiti vikazoea kabisa, wakawaonyesha mwako mfupi wa nuru pembeni mwa jicho, nyuzi 20. Walikuta mtu anatambua mwako ambao vijiti vimenasa fotoni 5 hadi 14 tu, zikiwa zimetawanyika juu ya vijiti mia kadhaa. Maana yake kijiti kimoja kinaitikia fotoni moja. Hakuna nuru ndogo kuliko hiyo. Nimeketi kwenye stoo ya mahindi nikilifikiria hili, nikasahau kwamba nina baridi.

Jumatano, 18 Juni

Usiku wa hasara. Dada alikubali kupimwa, tukafika dakika ya 22 vizuri, simu ya mpwa ikaita mfukoni akaitoa kuizima. Kioo kiliwaka sekunde tatu hivi. Dada akapanda kuelekea nuru kubwa, kutoka ngazi ya 8 hadi ya 5, na ikamchukua dakika kadhaa kurudi. Mpwa alilia. Nimemwambia ametupa kipimo ambacho tusingekifikiria, na ni kweli, nimekiandika. Kuanzia leo simu zinabaki jikoni.

Ijumaa, 20 Juni

Usiku wa Mama.

Tulimweka kitini na blanketi mbili, kitenge juu yake. Nilihofu atachoka. Alikaa kama mtu aliye kanisani. Nilimwonyesha nukta nyekundu, nikamwambia asiiache kwa macho, dirisha litamjia lenyewe. Ana miaka 72. Dakika ya 1 alihitaji tundu kubwa kabisa, ngazi ya 0. Dakika ya 6 ngazi ya 3. Halafu mstari ukalala. Dakika ya 9 ikapita, ya 10, ya 11, nami nimeshika ukanda wa bati mkononi, namwombea.

Dakika ya 12 akasema gizani, "Hapa ndipo ninaposimamaga mlangoni. Dada yako ananivuta, nami bado niko hapa."

Dakika ya 15 likavunjika. Ngazi ya 4. Dakika ya 25 ya 5. Dakika ya 35 ya 7. "Naliona, linakaa kama kimulimuli," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha niliyokuwa sijaisikia siku nyingi. Dakika ya 42 bado ngazi ya 7, mgongo ukamuuma, tukaacha.

Jumamosi, 28 Juni

Mama mara ya pili, safari hii kiti chenye mto. Goti dakika ya 15 tena. Dakika ya 45 amefika ngazi ya 8.

Nimeziweka grafu mbili juu ya karatasi moja na kuzishika dhidi ya dirisha. Pale koni zinapolala, mimi niko ngazi ya 4, Mama ya 3. Mwisho, mimi 9, Mama 8. Mahali pote pawili tofauti ni ngazi moja, yaani anahitaji nuru mara nne ya ninayohitaji mimi. Hiyo ndiyo alama ya nuru pungufu, na ina maelezo rahisi: mboni ya mzee haipanuki kama ya kijana. Ikiwa inaishia milimita 5 badala ya 8, eneo lake ni pungufu zaidi ya mara mbili na nusu. Inayobaki huenda inaliwa na lenzi, ambayo kwa miaka inageuka njano na kuwa na ukungu.

Lakini goti lake limechelewa dakika sita, na kutoka hapo mimi nilishuka ngazi tano kwa dakika 21, yeye kwa dakika 30. Mboni na lenzi haziwezi kueleza hilo. Kinyume chake: kama nuru kidogo inaingia katika jicho lake, basi hata ile taa kali ya mwanzo imempaushia rodopsini chache kuliko mimi. Deni lake ni dogo na bado linachukua muda mrefu kulipwa. Safari ya retinali kwenda na kurudi ndiyo imekuwa ndefu. Watafiti wameliona jambo hili kwa wazee wengi wenye afya: vijiti vyao vinachelewa kuzoea giza mwaka hadi mwaka.

Nilimwita dada, nikamwonyesha vidole viwili kwenye karatasi, cha kwanza kwenye goti langu, cha pili kwenye goti la Mama. "Hapa katikati," nikamwambia, "ndipo tunapomwita mwoga." Akaichukua karatasi akakaa nayo nje.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempeleka Mama hospitali, kwa daktari wa macho. Sanduku langu linapima muda na kiasi, halioni ndani ya jicho, na kuna magonjwa ya retina yanayoanza hivihivi kwa kutoona usiku. Daktari alimtilia dawa ya kupanua mboni, akatazama kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho ameanza macho yote mawili, bado mdogo, hajafikia kutolewa. Retina inaonekana salama. Arudi baada ya miezi sita.

Akauliza chakula. Mtu akikosa vitamini A mwilini, rodopsini haina cha kujengea, na usiku ndio unaomwambia kwanza. Mama akamhesabia: mchicha, majani ya maboga, maini kila anapoyapata, viazi lishe vya shambani kwake, vile vya rangi ya chungwa, na vyote anavipika kwa mafuta au karanga. Daktari akatabasamu, akasema hapo hana la kuongeza. (Akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano mnaosoma hapa: matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita yasipite. Kwa mtoto, kutoona usiku ni hatua ya kwanza tu ya njia inayoweza kuishia kwenye upofu kamili.)

Nilimwonyesha grafu. Aliitazama kwa makini kuliko nilivyotegemea, akaniuliza matundu nilitoboa kwa kifaa gani. Kisha akamgeukia Mama: "Mama, usikubali kuvutwa. Kaa kwanza. Na mwanao akuwekee taa njiani, usitembee gizani tupu."

Jumamosi, 26 Julai. Isongole

Shule imefunguliwa, ila mwisho wa juma huu nimepanda na mdogo wangu kwenye Fuso lake, anapakia viazi mviringo huku juu Uporoto. Tumelala shambani. Mwezi ni mchanga, ulizama mapema, na baridi ni ile inayouma masikio.

Njiani nilimuuliza anafanyaje akikutana na gari lililowasha full. Anashusha macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami mpaka lipite. Hakufundishwa na mtu. Nikamweleza kwamba kila jicho linazoea giza peke yake, na tulipofika akajaribu: alifunika jicho moja robo saa wakati tunapika kwa taa ya gari, taa ikazimwa, akafungua. Kwa jicho lililofunikwa aliona magunia na mti nyuma yake; kwa lile jingine, weusi. Alifunika na kufunua mara nyingi kama mtoto.

Saa kumi na nusu alfajiri nikamwamsha tukitazame Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimepanda vizuri kaskazini-mashariki. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua; kilizama wakati wa masika, na sasa kimezuka na anga limetakata. Nikikitazama moja kwa moja nahesabu nyota sita. Nikipeleka jicho kando kidogo, tisa. Mdogo wangu nane. Nilimpa maneno ya babu kuhusu nguruwe akasema anayakumbuka, ila hakuwahi kudhani yanahusu nyota.

Jumamosi, 23 Agosti. Kiwira

Kazi ya mkono imekwisha. Ndani ya mlango, upande wa kulia, kuna benchi la mninga. Kuanzia mlangoni mpaka jikoni na chooni kuna taa sita nyekundu, zimewekwa chini, urefu wa goti, kila moja ndani ya kioo cha taa ya pikipiki ili asipigwe machoni. Zinatumia betri ya sola. Kila kidato nimekipaka mstari mweupe ukingoni.

Utaratibu ni wa Mama mwenyewe, mimi sikuupanga. Baada ya chakula anazima taa kubwa ya sebuleni, anakaa benchini na mpwa, wanapiga soga. Mpwa alikuwa anahesabu dakika kwa saa. Siku hizi hahesabu, Bibi mwenyewe ndiye anayejua limevunjika.

Jana usiku nilitoka mapema nikasimama mwisho wa uwanja karibu na migomba, bila tochi, nimevaa koti jeusi. Nilitaka kuona anavyoshuka asipojua kwamba natazama. Mwezi haukuwepo. Nilisikia soga zikikatika, benchi likalia, akatokea mlangoni. Hakusimama. Alivuka kizingiti, akashuka vidato vitatu, mkono mmoja ukutani, akapita taa ya kwanza na ya pili. Katikati ya uwanja akageuza uso, si kunielekea, pembeni kidogo, akakaa hivyo.

"Mbona umesimama kwenye migomba, baba?" akasema. "Ingia ndani, kuna baridi."